Kabla Hujabonyeza "Tuma": Hakuna Unga Unaoponya Siliaki kwa Siku 21

Ombi lilitufikia Jumatatu asubuhi, kama mamia mengine ya kurejeshewa pesa. Mteja wetu, mama wa mtoto mmoja anayeishi Kihunguro hapa Ruiru, alitaka tumrudishie shilingi 6,800. Kwa kawaida maombi kama haya ni ya mtu aliyekosea tarakimu moja ya namba. Huyu hakuwa amekosea namba. Alituma mara mbili kwa namba ileile, 3,500 kisha 3,300, jina likatokea, akaweka PIN yake mwenyewe. Ile 3,300 ilikuwa mkopo wa simu.

Alikuwa amenunua unga wa mitishamba. Tangazo alilipata kwenye WhatsApp: "Siliaki kwisha kabisa, siku 21, mtoto wako atakula chapati tena." Binti yake ana umri wa miaka saba na madaktari walishathibitisha ana siliaki. Baada ya siku 21 alionekana mzima, tumbo limetulia, ana hamu ya kula. Muuzaji akasema, haya, mpe chapati ushangilie. Kwa wiki moja hakuna kilichoonekana. Wiki ya pili mtoto alianza kuharisha na kutapika. Mama alipompigia muuzaji aliambiwa dozi ya kwanza "haikushika", aongeze nyingine. Akakopa, akatuma. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Hatukuweza kumrudishia. Pesa zote mbili zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia. Na tuseme ukweli ambao kampuni kama yetu haipendi kuuandika: ada ya kila muamala tulikata. Muuzaji alipata chake, wakala akapata kamisheni yake, sisi tukapata chetu. Aliyepoteza ni mama na mtoto wake tu.

Kwa hiyo leo hatutaki kuongea kuhusu namna ya kubadilisha PIN. Tuna maoni, na tutayasema waziwazi: mtu yeyote anayekuuzia tiba ya kuponya siliaki anakuuzia uongo, na njia ya malipo unayotumia wewe na sisi ndiyo barabara anayopitia. Kunyamaza kwa sababu "pesa ni za mteja" hakutoshi.

Siliaki ni nini hasa

Wengi wetu ofisini tulikuwa hatujawahi kulisikia jina hili, kwa hiyo tulilazimika kusoma. Siliaki ni hali ambapo kinga ya mwili inachanganyikiwa kila mtu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka inayoitwa rai. Badala ya kupambana na wadudu, kinga inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo una vijinyuzi vidogo sana vinavyonyonya virutubisho kutoka kwenye chakula. Vikiliwa na kulainika, mtu anakula lakini mwili haupati. Ndipo unaona mtoto hakui, tumbo limefura, damu imepungua, mifupa inadhoofika, au mtu mzima anachoka bila sababu kwa miaka.

Duniani inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 100 ana hali hii. Kati ya watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, watafiti walikuta zaidi ya 5 kati ya 100, kwa hivyo anayekwambia huu ni ugonjwa wa wazungu peke yao hana habari.

Tiba inayojulikana ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Hadi tunapoandika haya hakuna dawa iliyoidhinishwa popote inayoponya siliaki. Si kwamba hakuna anayejaribu. Dawa moja iitwayo larazotide ilifika hatua ya tatu ya majaribio kwa watu, na mwaka 2022 jaribio likasimamishwa kwa sababu hesabu zilionyesha halingefaulu. Kampuni yenye maabara na mamilioni ya dola ilikubali hadharani kwamba imeshindwa. Lakini jamaa mwenye namba ya kibinafsi na picha ya majani ameweza kwa siku 21. Hebu fikiria.

Mbona mtoto alipata nafuu?

Hapa ndipo watu wengi wanashikwa, na si kwa ujinga. Mama wa Kihunguro aliona kwa macho yake mtoto akipona. Ukimwambia "dawa ilikuwa bandia" atakujibu "lakini nilimuona".

Tulimuuliza swali moja: muuzaji alikupa masharti gani? Akatusomea kutoka kwenye simu. Unga vijiko viwili asubuhi na jioni, na kwa siku zote 21 mtoto asionje mkate, chapati, mandazi, biskuti wala tambi.

Mambo yote yako hapo. Mtoto alipata nafuu kwa sababu aliacha ngano. Hiyo ni tiba ya bure ambayo daktari alishampa, na muuzaji akaifunga kwenye pakiti ya unga na kuiuza 3,500. Kama unga unaponya, kwa nini chapati ikatazwe? Na kama chapati inakatazwa, unga ni wa nini?

Kosa hili lina historia ndefu, na lilianza na watu wenye nia njema. Mwaka 1924 daktari wa watoto huko New York, Sidney Haas, aliandika kuhusu watoto wenye siliaki aliowalisha ndizi. Walipata nafuu kweli, tena waliokuwa wamekata tamaa. Kwa miaka mingi madaktari waliamini ndizi ina nguvu ya kuponya, na Haas aliamini mtoto akishapona anaweza kurudi kula kawaida. Kumbe siri haikuwa kwenye ndizi. Ilikuwa kwenye mkate ambao mtoto hakula wakati anakula ndizi.

Aliyefungua fumbo ni Willem Dicke, daktari wa watoto Uholanzi. Tayari alikuwa anaishuku ngano kabla ya vita. Kisha ikaja baridi ya njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini mwake. Watu walikuwa wanakufa njaa, lakini watoto wake wenye siliaki wakawa wanapata nafuu. Inasimuliwa kwamba mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke hakukimbilia kutangaza muujiza. Alirudi hospitalini, akapima kwa uangalifu chakula kimoja baada ya kingine, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake. Tangu hapo dunia inajua adui ni nani.

Kuna jambo lingine la kuogopesha. Mtu mwenye siliaki anaweza kula ngano siku kadhaa asisikie kitu, huku utumbo unaliwa kimyakimya. Ile wiki moja ya chapati bila dalili ndiyo muuzaji anaipiga picha na kuiita ushuhuda. Wiki ya pili haipigwi picha.

Tumeshapita njia hii

Eneo letu linajua sana habari za miujiza. Mwaka 2011, huko Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania, pesa isiyofika hata shilingi 50 zetu. Aliwaambia watu inatibu kisukari, saratani, pumu, hata Ukimwi. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na Wakenya walikuwemo kwa maelfu. Wapo waliofariki wakiwa wanasubiri, wagonjwa waliotolewa hospitalini ili wapelekwe huko.

Watetezi wa Babu husema hakuwa tapeli, kwani 500 ni pesa gani? Tunakubali kikombe kilikuwa rahisi. Nauli haikuwa rahisi. Siku nje ya kazi hazikuwa rahisi. Na wale walioacha dawa zao za virusi au za sukari baada ya kunywa, gharama waliilipa baadaye nyumbani. Bei ya tiba ya uongo haiko kwenye risiti peke yake.

Hata serikali imewahi kuteleza. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron kama dawa ya Ukimwi, mbele ya Rais Moi mwenyewe, ikitoka taasisi ya utafiti ya KEMRI. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha manufaa yaliyoahidiwa. Somo letu ni kwamba koti jeupe na nembo havitoshi. Kinachohesabika ni kama watu wengine wasio na maslahi wamejaribu wakaona matokeo yaleyale.

Kisha simu zikaingia. Mwaka 2014 KTN ilionyesha uchunguzi kuhusu kanisa la Victor Kanyari jijini Nairobi, ambapo maji ya kuosha miguu yaligeuka mekundu kwa kemikali ya pamanganeti ya potasiamu, na waumini wakiombwa wapande mbegu ya shilingi 310 kwa simu. Nchi ilicheka, 310 ikawa mzaha. Sisi tulio kwenye biashara ya malipo hatukupaswa kucheka sana. Zamani ili uuze muujiza ulihitaji uwanja, hema na vipaza sauti. Siku hizi unahitaji laini moja ya simu.

Tunajua hizi mbinu kwa sababu tulisomea

Tukiri jambo. Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tulisomea masoko chuo kikuu. Tangazo la unga wa siliaki tulipoliangalia, tulilitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Kila kitu kilichomo tulifundishwa darasani, tofauti ni kwamba sisi tuliambiwa tuvitumie kuuza kitu kinachofanya kazi.

Kuna uhaba wa kutengenezwa: "zimebaki pakiti 9". Zinabaki 9 leo, zitabaki 9 mwezi ujao. Kuna ushuhuda: picha ya mtoto mwembamba kisha mtoto mnene, bila tarehe, bila kipimo cha damu, na hujui kama ni mtoto mmoja. Kuna adui: "madaktari hawataki ujue". Kuna orodha ndefu ya magonjwa, kwamba unga uleule unatibu siliaki, vidonda vya tumbo, kisukari na ugumba. Dawa inayotibu kila kitu haijapimwa kwa kitu chochote. Na kuna bei iliyopimwa vizuri sana: 3,500. Kubwa kiasi cha kuonekana dawa ya maana, ndogo kiasi kwamba ukiibiwa utaona aibu kwenda polisi.

Lakini tusiwalaumu wauzaji peke yao. Mama huyu alitueleza kwamba kabla ya siliaki kugunduliwa, binti yake alitibiwa minyoo, amiba na tayfodi kwa karibu miaka miwili, kliniki baada ya kliniki. Kila mahali alilipa. Daktari wa mwisho alimpa jibu sahihi kwa dakika tano na karatasi moja. Muuzaji wa unga alimpigia simu kila jioni kumuuliza mtoto ameamkaje. Tukitaka watu wawaache matapeli, wenye ukweli nao wajifunze kukaa na mgonjwa.

Ruiru inajua dawa ya kweli inavyotafutwa

Ukipita karibu na kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru, unapita mahali palipozaliwa mmea unaoitwa Ruiru 11. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa unaharibu kahawa ya nchi hii, hasa baada ya mlipuko mkubwa wa miaka ya sitini. Watafiti walianza kuzalisha aina inayostahimili mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Ruiru 11 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Zaidi ya miaka kumi ya kupanda, kungoja, kung'oa na kupanda tena, yote kwa ajili ya mti wa kahawa.

Hatusemi mitishamba haina maana. Mimea mingi imetupa dawa. Tunasema kwamba kama mbuni unastahili miaka kumi ya kujaribiwa, mtoto wa Kihunguro anastahili zaidi ya video ya sekunde 40 kwenye WhatsApp.

Pesa hiyohiyo ingefanya nini

Shilingi 6,800 si pesa ya kuchezea. Kama unashuku una siliaki, iweke kwenye kipimo. Kinaanza na damu kutafuta kingamwili, na mara nyingi kinathibitishwa kwa kuchukua kipande kidogo cha ukuta wa utumbo. Ulizia kwanza bei na kama kipimo kinapatikana, iwe ni Thika au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa. Na tafadhali shika hili: usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, kipimo kinaweza kusoma uko sawa wakati hauko sawa. Hiyo ni hasara nyingine ya unga wa siku 21, unaweza kukuficha ugonjwa usigundulike.

Kama tayari umethibitishwa, habari njema ni kwamba jiko la Kenya liko upande wako. Ugali wa mahindi, githeri, mukimo, wali, nduma, mihogo, viazi, ndizi, ndengu, maharagwe, nyama, omena, sukuma: vyote kwa asili havina gluteni. Hatari iko kwenye vitu vinavyojificha. Unga wa uji wa mchanganyiko mara nyingi una ngano ndani. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano inaacha vumbi kwenye mahindi yako. Smokie na soseji huweza kuongezwa unga. Viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta ya mandazi si salama. Bia nyingi ni shayiri. Ukinunua bidhaa iliyoandikwa haina gluteni, kiwango cha kimataifa ni isizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Kwa 6,800, mama anaweza kununua mahindi na wimbi, akavisafisha mwenyewe, na kuongea na mwenye mashine amsagie wa kwanza asubuhi ikiwa imesafishwa.

Kabla ya kuweka PIN

Chukua dakika tano na ujiulize:

1. Anasema "kuponya" au "kusaidia"? Kwa siliaki, neno kuponya peke yake linatosha kukusimamisha.

2. Je, dawa imesajiliwa? Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosajili dawa nchini. Muombe muuzaji namba ya usajili, kisha uiulizie kwa Bodi yenyewe. Usiridhike na picha ya cheti aliyokutumia yeye.

3. Pesa inaenda kwa nani? Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama ni "kliniki" lakini jina ni la mtu binafsi usiyemjua, simama. Namba ya till au paybill nayo si hakikisho la ukweli, ila inaacha alama zaidi za kufuatilia.

4. Anakuharakisha? Ugonjwa wa maisha yote hauwezi kuwa na ofa inayoisha saa sita usiku.

5. Anakwambia uache dawa, chakula maalumu au kliniki yako? Hapo usitume hata shilingi.

6. Umemwambia mtu mwingine nyumbani? Utapeli hupenda siri.

Na kama umeshatuma, usione haya. Tupigie mara moja, usingoje jioni. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa nafasi hiyo inakuwa finyu sana. Usifute ujumbe wa uthibitisho wala mazungumzo. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upate nambari ya OB, kisha tutumie. Namba moja ikilalamikiwa na watu kumi ni rahisi kuifungia kuliko ikilalamikiwa na mmoja.

Upande wetu

Tusingekuwa waungwana tukimalizia kwa kukufundisha wewe peke yako. Mfumo uliojengwa ili pesa ifike haraka umemfaa muuza mboga wa soko la Ruiru, na umemfaa vilevile muuza unga wa uongo. Hatuwezi kusoma nia ya kila anayepokea pesa. Lakini namba inayopokea 3,500 kutoka kwa wageni wengi kisha inatolewa yote papo hapo, tunaweza kuiona. Tunaamini ni wajibu wetu kuiuliza maswali kabla mteja hajalia, hata kama maana yake ni ada chache kwetu. Mtubane tukizembea.

Mama wa Kihunguro hajapata pesa yake. Bado analipa ule mkopo. Binti yake amerudi kwenye ugali na githeri, na anaendelea vizuri. Tulipomuuliza kama tunaweza kuandika haya bila kumtaja, alikubali, akatuomba kitu kimoja: tuwaambie wengine kwamba zile siku 21 mtoto aliponywa na chakula cha nyumbani, ambacho alikuwa nacho jikoni tangu mwanzo.